Gari Limebaki Mokowe

Tangu Tanga Semeni hakumwachia mtu usukani.
Pale Horohoro tuligongewa mihuri, tukawa wageni
kwa kishindo kimoja cha meza,
na kitita chetu cha shilingi, kinene kama tofali,
kilirudi kutoka dirishani kimekonda
kama mtu aliyetoka kuugua.
Zuwena aliandika yote kwenye daftari la mchango:
mafuta, bima, maji, mahindi ya kuchoma,
soda ya Hadia (atalipa mwenyewe).

Likoni sisi watatu tulivuka kwa miguu.
Semeni alibaki ndani ya gari, gari ndani ya pantoni,
amefunga mkanda, mikono yote miwili kwenye usukani,
utadhani ndiye anayeliendesha pantoni.
Tulimcheka hadi Mtwapa.
Hakucheka.
Gari lile alilinunua kwa mkopo wa walimu
mwaka ule alioachika.
Bado miezi kumi na mmoja liwe lake.

Malindi tulilala chumba chenye panka
iliyogeuza shingo huku na huku, hapana, hapana,
na asubuhi kabla ya chai
nilimwona kwenye roshani, anahesabu matairi.

Kisha Garsen, kisha joto, kisha vizuizi
na askari waliosoma majina yetu polepole
kama wanaoonja chumvi kwenye mchuzi.
Kisha barabara ikafika Mokowe
na kukoma.

"Kisiwani gari haliendi, dada," alisema kijana wa maegesho,
Shee, kofia yake imekaa upande.
Akachana karatasi ya daftari la hesabu, akaandika namba yetu,
ile herufi T akaichora kubwa kama nguzo.
Semeni alisimama pale.
"Na akija mtu akasema ni lake?"
"Dada, hata mwizi, barabara ni hii moja."

Kwenye boti tulivishwa majaketi ya rangi ya chungwa.
Wote tulitazama Lamu ikikua.
Yeye alikaa kinyume, uso Mokowe,
mpaka gari likawa jino,
mpaka jino likang'oka.

Mjini vichochoro vinapitisha mtu mmoja na kivuli chake.
Kila kona Semeni alipunguza mwendo,
akatazama kulia, akatazama kushoto.
Punda wa saruji alipotokeza ghafla
mguu wake wa kulia ulikanyaga mawe, kwa nguvu,
na punda, nashuhudia, akasimama.

Bi Shamsa mwenye nyumba alituita kutoka ghorofani:
"Ndooni! Ndooni!"
Hadia, masikini, akazunguka ua mzima akitafuta ndoo,
akapanda nayo ngazi, imejaa maji, inamwagika.
Kumbe tunaitwa tu. Njooni.
"Muna ndaa?" akauliza tena,
na safari hii matumbo yetu yalitafsiri kabla ya vichwa.
Bi Shamsa alicheka hadi akashika ukuta.
Mkate wa mofa, mchuzi wa papa, pilipili isiyo na huruma,
na maneno yetu wenyewe, yamevaa nguo nyingine,
yakitupita karibu, yakitugusa bega.

Siku nne. Ufunguo ulilala chini ya mto wake.
Siku ya tatu niliukuta juu ya meza, kando ya maganda ya maembe,
nikanyamaza.

Tuliporudi, Shee alikuwa amelipangusa vumbi kioo cha mbele tu,
duara moja, kama aliyechungulia.
Semeni akalizunguka mara mbili.
Akapitisha kidole ubavuni.
Halafu akanitupia ufunguo, mimi,
niliyejifunzia gari kwenye uwanja wa shule
na kugonga goli.
"Mpaka Garsen," akasema. "Garsen tu."

Injini ilizimika mara mbili. Hakusema kitu.
Zuwena nyuma alifunga daftari.
Tuliondoka, polepole, Mokowe ikirudi nyuma,
na kwa pembe ya jicho nikaona
mguu wake wa kulia
unakanyaga breki isiyokuwepo.