Basenji, kwa Herufi Kubwa

Karani aliinua kalamu. "Mahali ulipozaliwa?"
"Basenji."
Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeokota shilingi.
"Hilo si jina la mbwa, dada?"
Akanionyesha simu yake pale dirishani,
foleni yote ya Kibirizi ikichungulia:
mbwa mwekundu, masikio wima,
mkia umejikunja kama kishikio cha kikombe,
kipaji kina makunyanzi ya mtu anayedaiwa.
"Habweki," akasema. "Na ana cheti.
Hadi babu wa babu yake ameandikwa."

Babu wa babu yangu hakuandikwa.
Alivuka ziwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani,
akatua Ujiji, wenye mali wakamwita mshenzi,
yeye na wenzake, washenzi,
kwa kuwa hawakujua bei ya pembe waliyoibeba.
Neno likapanda mtumbwi, likarudi ng'ambo,
huko likavua wa- likavaa ba-,
likaning'inizwa shingoni mwa mbwa wa kuwinda
pamoja na kengele ya mti,
likaenda Ulaya kwenye baridi,
likaja kutokea kwenye simu ya karani, lina nasaba.
Sisi tulibaki nalo huku, juu ya michikichi,
jina la mahali.

Sikia linavyotumika.
Soko la Mwanga: "Mawese haya ya Basenji?"
Hapo ni sifa, chupa inapanda mia mbili.
Kwenye mawe ya kufulia: "Usiniletee u-Basenji wako!"
Hapo shikeni ndoo zenu.
Shemeji yangu Yamungu, akishalewa, husema "nakwenda Basenji"
akiwa tayari yuko Basenji,
maana yake anakwenda kulala.
Na Mwalimu Ntakije, aliyetufundisha ngeli kwa chaki na kikohozi,
alituandikia ubaoni:
Basenji kumekucha. Basenji kuna matope. Basenji kumenyesha.
"Ku-, watoto, ku-!
Ukisema Basenji ameamka, umemwamsha nani?"
Tukacheka. Hatukujua swali lile lina jibu.

Jibu nililikuta bwenini, kidato cha kwanza.
"Basenji amekuja. Basenji ameoga?
Mpeni Basenji ndoo yake peke yake."
A-. A-. A-.
Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa;
sarufi haina chuki,
ilitugawia kiambishi kimoja,
mimi, mkuu wa shule, na mbwa.

Mwaka juzi kikao kilitaka jina libadilishwe.
Mmoja akasema tuitwe Amani.
Bi Mwasaburi, muuza chumvi, akasimama:
"Amani ninazozijua mimi ni mbili,
na zote zina kesi ya shamba."
Kikao kikafia kwenye kicheko.
Kibao kilikuja hata hivyo, MTAA WA MAENDELEO,
mbuzi wanajikunia pale mgongo.
Mwenye boti haitiki kibao. Akikaribia mawe anapunguza injini:
"Wa Basenji! Wa Basenji mshuke, msiloweshe unga!"

Karani alikuwa bado anangoja.
"Sasa niandikeje?"
"Kwa herufi kubwa," nikamwambia. "Hiyo tu."
Akaandika. B yake ilikuwa na tumbo mbili nono,
nikaipenda.
"Mbwa mwachie ile ndogo," nikasema, "na picha yake nzuri.
Wa kwetu wanabweka."

Nilifika gizani, kitambulisho kikiwa kwenye mfuko wa sukari kisilowe.
Mbwa wetu, Chapakazi, mama koko, baba hajulikani,
alinisikia kabla sijakanyaga mchanga.
Akaanza yeye, akaitikia wa jirani,
ikapanda mlima nyumba kwa nyumba hadi kwa Yamungu,
aliyetukana, akalala tena.

Usiku ule, Mwalimu,
Basenji kulibweka.