Mkono wa Shoto

Maji yamekupwa katika hori ya Mtambwe.
Shaame anapima chumvi: kumi na nane
pale mto unapoingia, thelathini na tatu kwenye mchanga.
Mimi nina fomu, penseli, mraba wa mabomba,
na viatu viwili; kimoja tope lishakimeza.

Matundu ya kaa: arubaini na sita.
Tondo: hesabu ilinipotea, nikaanza upya.
Harufu: yai viza. Asiyejua huziba pua;
tope la mikoko likiwa hai ndivyo linavyonuka.
Miche ya mkandaa: tisa, miwili imetafunwa.

Kisha safu ya visiki.

Cha kwanza, mkato unashuka kushoto
kama paa la banda. Cha pili vilevile.
Cha tatu unashuka kulia,
nami nikasimama pale pale, tope likipanda magotini.

Baba alikuwa wa shoto.
Bibi alimfunga mkono kwa ukambaa ale kwa kulia;
akala kwa kulia, akakata kwa kushoto
mpaka siku aliyolala.
Tanuri lake la chokaa lilikuwa juu ya mteremko huu.
Ada yangu ya chuo ilitoka humo,
noti zikinuka moshi hata mkononi mwa karani.

"Vingapi?" Shaame anauliza.
Thelathini na moja.
Hakuuliza vya nani. Fomu nayo haiulizi,
inataka sababu tu. Nikaandika: ukataji, wa zamani.
"Zamani" nikaipigia mstari, mara mbili,
kana kwamba ingekimbia.

Kumi na kimoja ni vyake. Nimevigusa vyote.
Na boriti za nyumba yetu,
nilizozihesabu kila usiku wa homa,
zimo humu au hazimo?

Chini kabisa: hali ya hori kwa jumla.
Nzuri. Wastani. Mbaya. Zungushia moja.
Maji yanarudi, yanaziba matundu ya kaa,
Shaame ananiita nitoke, kaniita tena.

Nikazungushia "wastani".
Kwenye maoni wametoa mistari miwili.
Mkoko ukikatwa haurudi; mchu hurudi.
Basi nikaandika: kisiki cha ishirini na nne, mchu,
mkato wa kulia, kimechipua ubavuni,
shubiri moja na vidole vitatu.
Kiganja kikaifuata penseli nyuma nyuma,
kikayachafua maneno, kama kawaida yetu.