Futi Shingoni

Januari imekuja, uwanja wetu umekwenda.
Nyuma ya soko la Mkuti, pale tunapopigia penalti,
bata wa Mama Litunu wanaogelea golini
na hakuna wa kuwaonyesha kadi.

Watoto kumi na mmoja, chini ya miaka kumi na miwili,
wamehamia kwenye baraza ya cherehani yangu,
mpira ukutani, du, du, du,
hadi sindano ikakatikia ndani ya sare ya polisi.
Basi. Nikafunga duka, nikavaa futi shingoni,
nikaingia Masasi kuwatafutia paa.

Kwanza, ukumbi wa chuo.
Sakafu yake ukiitazama unajiona wewe na madeni yako.
Katibu wa ligi, Bwana Nampunju, ana kalamu tatu mfukoni
na kila kalamu ina swali lake:
Vyeti vya kuzaliwa? Raba zisizochora sakafu?
Elfu kumi na tano kwa kila kichwa?
Nikapiga hesabu. Kupunguza suruali ni buku.
Nahitaji suruali mia na sitini na tano,
na Masasi haina watu wafupi kiasi hicho.

Hata hivyo nilipima.
Kutoka mstari hadi ukuta: hatua moja na shubiri.
Nikalikumbuka jino la Tawakali,
ambalo mpaka leo linasoma darasa la nne
kwenye ukuta wa shule.

Pili, banda la mwenye sheli.
Kila kitu bure: jezi bure, soda bure,
na bingwa anaondoka na mbuzi.
Nikakaa nitazame mechi moja ya watoto.
Mapumziko, beki wao akatoa simu,
akamuuliza mkewe kama mtoto amekunywa dawa.
Nikamfuata refa. Akainamisha sauti:
"Dada, mbuzi ni mbuzi."

Wahenga wamesema mengi juu ya vya bure.
Mimi nasema: ndevu.

Tatu, ghala la korosho.
Minada imekwisha, magunia yamekwenda bandarini,
limebaki vumbi, mzani, na zege lenye nyufa.
Dadi Mchopa ndiye mlinzi, ndiye katibu, ndiye refa.
Ada elfu tatu kwa timu, na zamu ya kufagia.
"Vyeti?"
"Wafungue midomo, nihesabu magego."
Mstari hadi ukuta: hatua nne nzima.
Nikaandika nne. Nikaipigia mstari.

Mvua ikaanguka papo hapo juu ya mabati.
Dadi alikuwa akinieleza jambo la maana;
niliona midomo tu.

Jioni niliwatandazia yote, kama vitambaa mezani,
bei, ukuta, ndevu, vumbi.
Mwanawetu, kipa wangu, aliuliza moja:
"Kwa hiyo huko ghalani, fundi,
mvua ikinyesha hatutakusikia?"
"Hata neno."
Wakatazamana.
Mikono kumi na mmoja ikapanda, haraka mno.

Nilinuna siku mbili.

Jumamosi, dakika ya sita, mabati yakaanza.
Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo: Shafii, rudi!
Mdomo ukabaki wazi, hauna kazi.
Shafii hakurudi.
Alimtazama Mwanawetu, Mwanawetu akainua vidole viwili,
na Tawakali, ambaye miezi minane
namfokea apanue uwanja,
akapanua uwanja.

Sikujua walikuwa na lugha.
Au walikuwa nayo siku zote,
na mimi ndiye niliyekuwa mabati.

Tulifungwa nne kwa tatu.
Nilikuwa nimekaa juu ya mzani wa magunia, futi shingoni,
mshale ukitikisika, ukitulia:
kilo sabini na moja,
zote za kunyamaza.

Mvua ikakatika. Nikavuta pumzi, nikatafuta la kusema.
Dadi akanikabidhi ufagio.