Sauti ya Nne

Ndimi niliyekuwa mvua:
kilo ya dengu juu ya sinia la bati,
rasharasha kwanza, kisha kwa pupa.
Ndimi popo pia, kwa glovu za ngozi za marehemu Wilfrid,
nikizipigapiga karibu na maikrofoni
hadi zikatoa vumbi la bustani yake.
Mifupa ilikuwa karoti.
Chombo cha angani kikitua: birika langu,
na mlango wa jokofu la ukumbi wa kijiji
ambao tangu zamani una kilio chake.

Sallowmere ina kanisa, baa, kidimbwi cha bata,
na Ambrose Fettiplace, aliyefundisha fizikia miaka thelathini
akastaafu akiwa bado na maneno tumboni.
Akayatapika yakawa mchezo wa kusikiliza, sehemu sita:
wachawi watatu wa kijiji hiki hiki, mwaka wa tauni,
ambao si wachawi, ni wanaanga waliokwama.
Ufagio ni antena. Chungu ni mtambo wa kupigia nyota simu.
Paka mweusi ndiye anayepiga hesabu za njia ya kurudi,
na hesabu zinamshinda, ndiyo maana amenuna.
Tulicheka. Prunella akaleta keki ya limau.
Wakasimama watatu, karatasi mkononi, miwani puani:

    Chungu chetu kichemke,
    nyota ile itamke,
    lango lake lifunguke,
    turudi tulikotoka.

Sehemu ya tano, mmoja wao anatoswa majini.
Nilikuwa tayari na beseni na gunia la viazi.
Ambrose akakataa, anataka mwangwi wa kweli.
Basi tukaenda kidimbwini usiku wa Novemba, koti juu ya koti.
Wakasema maneno yao. Nikatosa gunia.
Maji yalilipokea kama mtu aliyezoea.

Nyumbani, saa saba usiku, nikavaa vipokea sauti.
Prunella, yupo. Bryony, yupo.
Bi Gathercole na mafua yake, yupo.
Chubwi! Gunia.
Halafu wa nne.

Hakuwa akisoma. Hakupaza sauti.
Aliuliza tu, kwa matamshi ambayo hata babu wa babu zetu
wasingeyatambua upesi:
Mbona mmechelewa?

Nilirudisha nyuma mara kumi na moja.
Asubuhi nikaenda kwa kasisi, akanifungulia daftari la kanisa.
Thomasin Pell, mjane.
Alifungwa kidole gumba cha mkono kwa kidole gumba cha mguu,
akatupwa majini apimwe.
Akielea, mchawi.
Alizama.
Kwa hiyo hana hatia, ameandika karani kwa mwandiko mzuri,
na chini yake, bei ya kamba.

Ambrose alisema ni redio ya lori barabarani. Nifute.
Mwalimu wa fizikia, na mikono ikimtetemeka
hata makombo ya keki yakamjaa mapajani.
Sikufuta.
Mchezo ulipotoka watu walimsifu Bryony kwa sauti ile;
naye, Mungu amsamehe, alishukuru.

Tangu hapo, kila Alhamisi, nabeba kinasa sauti na kiti cha kukunja.
Napata upepo. Napata malori.
Napata kengele ya kanisa iliyo nyuma kwa dakika mbili.
Sijui nimjibu nini. Aliyengoja karibu miaka mia nne
humwambii foleni ilikuwa ndefu.
Sijui hata kama ananiuliza mimi
au anawauliza wale waliotakiwa kushuka kumchukua
na ambao, huenda, hesabu ziliwashinda.

Nanyamaza, basi. Nanyunyizia dengu majini,
zile zile zilizokuwa mvua,
angalau asikie kitu kikianguka kwa upole.
Bata wamenenepa.