Kina

Bwawani Shangani, msimu wa korosho,
Chilumba alipiga mbizi upande uliofutika namba.
Maji ya kiunoni yakampisha,
vigae vikampokea.

Tulicheka kwanza. Tukadhani anaigiza maiti,
mpaka dada wa taulo alipopiga ukunga.

Ligula, nesi akamchoma kidole cha mguu:
"Unasikia?"
"Hujanichoma bado."
Pini ilikuwa na damu.

Mama yake kaja na viatu
alivyoahidi korosho zikilipa.
Kavipanga chini ya kitanda,
ncha zikitazama mlango.

Mimi ndiye niliyesema, "Ruka, kina kipo."
Leo alfajiri nimerudi na kopo la rangi,
nimeandika ukingoni: MITA MOJA.
Herufi zimepinda.
Mlinzi kaniona, hakusema neno,
kanishikia tochi.