Shimo la Juni Tano

Mwaka wa kwanza nilichimba kwa sururu ya kuazima,
Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi.
Mgeni rasmi alichelewa saa tatu.
Mche ukanywa maji ya chupa yake, picha zikapigwa;
kufikia Agosti mbuzi wa machinjioni walishaumaliza.

Mwaka wa pili wakaniambia: Kondo, chimba palepale,
udongo umeshalainika.

Basi nimekuwa mtunza kumbukumbu wa sherehe hii.
Fulana ninazo. Ya kijani, "Maji ni Uhai",
siku hizi ni dekio.
Ya bluu, kubwa kama turubai,
aliivaa Mwanahawa akiwa na mimba ya Shomvi.
Za mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku
zililetwa zimefungwa, mojamoja, ndani ya plastiki.
Tulicheka. Hata mgeni rasmi alicheka.

Mwaka wa mafuriko mto haukungoja Juni.
Ulikuja Aprili, bila kadi ya mwaliko,
ukaketi viti vya mbele vya sebule zetu,
ukaondoka na chumba kizima cha Chaurembo.
Hotuba ya mwaka huo ilikuwa fupi.

Shomvi yuko darasa la sita. Aliniuliza:
baba, miti yote kumi na minne iko wapi?
Nikamwonyesha shimo.

Hakusema kitu.
Juni sita, viti vimesharudishwa kwa mwenyewe,
nilimkuta na ndoo ya maji ya suuza,
mche ameuzungushia chaga za kitanda chake cha zamani.

Leo ni Septemba. Mbuzi wanapita, wanachungulia.
Majani manne.

Mwakani sijui nitachimba wapi.