Kuhesabu Mbuzi wa Benki

Ripoti ya mwaka ya Benki ya Tal Nutag
ina kurasa mia na kumi na mbili
na picha moja ya farasi.
Nimeiweka mezani, kando ya birika la chai ya maziwa yenye chumvi.
Dirisha limeganda barafu kwa ndani,
na moshi wa makaa wa Ulaanbaatar
umeulalia mtaa kama blanketi lisilofuliwa.

Shemeji yangu Oyuntsetseg ameuza gereji ya marehemu kaka.
Ana swali moja tu: Ninunue hisa?
Anauliza kama mgonjwa kwa daktari,
akiwa ameshavua koti.

Basi nasoma.
Mikopo imekua kwa asilimia kumi na tisa.
Matawi mapya manane, moja limo ndani ya kontena.
Amana nazo zinapanda, ila zinapanda kwa magoti;
mikopo inapanda kwa ngazi.
Bei ni mara tano ya faida ya kila hisa.
Rahisi, wanasema madalali,
nami nililelewa kwamba cha rahisi
kwanza ukigeuze, utazame mshono.

Ukurasa wa sabini na nne, maandishi madogo kama mayai ya chawa:
dhamana ya mikopo ya wafugaji ni mifugo.
Hapo nikavua miwani.
Kumbe hisa hii, ukiikwangua rangi,
chini yake ina manyoya.

Nikampigia binamu Dambadarjaa, kule Arkhangai.
Upepo ulikuwa unaikatakata sauti yake.
"Una mbuzi wangapi?"
"Wangu, au wa benki?"
Akacheka, akakohoa.
"Kwenye karatasi, mia nne na themanini.
Zizini, tangu theluji igande juu ya nyasi,
mia tatu na kumi. Na leo bado sijatoka nje."
"Na mkopo?"
"Wamenipa mpya, nilipie ule wa zamani.
Alikuja kijana na pikipiki, mtu wa adabu,
akanywa chai, akaandika mia nne na themanini."

Sikusema kitu.
Asilimia kumi na tisa ilikaa kati yetu kwenye simu,
ikipumua.

Lakini niwe mkweli.
Binti yake alipotaka kwenda chuo cha uuguzi,
benki zenye sakafu za marumaru zilimtazama Dambadarjaa viatu.
Ni hii iliyomkopesha.
Binti sasa anachoma sindano hospitali ya mkoa,
na deni lile lililipwa hadi tugriki ya mwisho.
Huo nao ni ukuaji,
ila jedwali halijautengea safu.

Oyuntsetseg anasubiri, vidole vimelizunguka bakuli.
Nataka kumtajia mbuzi anayeuzwa kwenye gunia;
lakini hapa mbuzi wamo kweli,
na gunia ni theluji.
"Ngoja Mei," nasema. "Watakapochana manyoya
tutajua nani amebaki."
"Na bei ikiwa imepanda?"
"Utalipa zaidi, kwa kitu ulichokiona."

Akafunga pochi. Hakuonekana kuridhika.
Mlangoni, akihangaika na buti la kushoto,
akasema bila kuinua kichwa:
"Mwambie huyo binamu yako atoke nje ahesabu.
Kesho namtumia pesa za nyasi kavu."

Sikuwahi kumuuliza riba.